Shemeji na Mfumo Ambao Haujatoka

Watu wengi wameniomba nimsamehe shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mavyaa wangu, mama yao, ameniomba huku akilia. Mume wangu ameniomba kwa upole, kisha kwa kununa. Imamu wa msikiti wa mtaani kwetu hapa Malindi aliniomba kupitia kwa mkewe, ambaye alikaa sebuleni kwangu alasiri nzima akiyazunguka maneno kabla ya kuyasema. Wote niliwapokea vizuri, wote niliwamiminia kahawa, na wote waliondoka kama walivyokuja. Naandika haya nikiwa na hasira yangu kamili, na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni mpiga picha wa harusi za wanawake. Nasema za wanawake kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu. Siku ya kupamba, bibi harusi anapoketishwa jukwaani na nywele zake, hina yake na dhahabu yake, ukumbi ni wa wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa mlangoni. Simu nazo zinaachwa mlangoni. Yuko mama mmoja mkali anayezikusanya kwenye kikapu, na hamsikilizi mtu anayedai anangoja habari za mgonjwa. Kinachoingia ni kamera yangu peke yake. Nimepiga kupamba kuanzia Takaungu mpaka Mambrui, na watu hawanichukui kwa sababu ya ufundi, maana wapo wanaonizidi. Wananichukua kwa kuwa nikishapiga, picha hazionekani tena ila mwenyewe akitaka.

Mama yangu hakupenda kupigwa picha kabisa. Aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho, na humo amekunja uso kana kwamba mpiga picha wa serikali amemkanyaga kidole. Lakini siku ya kupamba ya mdogo wangu, kitindamimba wake, kitu kilimwingia. Ilipoanza vugo, ngoma yetu ya wanawake inayopigwa kwa pembe za nyati, mama aliinuka, akampokonya mwenzake pembe, akajifunga leso kiunoni akacheza. Mwanamke mzima, mnene, mwenye magoti mabovu, alicheza mpaka wasichana wakampisha. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, machozi yamenijaa hata sioni vizuri ninachokipiga. Alipochoka alinijia moja kwa moja, akausogeza uso mpaka kwenye lenzi, jasho linamtiririka, akasema, "Ukinitoa nje ya chumba hiki, sina radhi nawe."

Kwetu, mama akikunyima radhi huna dunia huna akhera. Basi nikamtii. Wapiga picha wengine huweka nakala za kazi zao huku na huko, mtandaoni, kwenye diski za mfukoni, kwa rafiki. Mimi sikuweka. Bibi harusi namkabidhi kanda yake ya video mkononi mwake, na inayobaki inakaa ndani ya kompyuta yangu moja, katika chumba kimoja chenye kufuli, na kompyuta hiyo sikuwahi kuiunganisha na mtandao. Ile ya mama hata mdogo wangu sikumpa, ambaye siku hizi anaishi Maskati na mumewe. Aliomba, na mama akakataa. "Ikifika kwake imefika kwa mumewe," alisema, "na ikifika kwa mumewe imefika kwa ndugu za mumewe." Najua mtu wa kompyuta atasema huo ni ujinga, kwamba kitu cha thamani ndicho cha kuwekewa nakala. Sisi tulilelewa kwamba kitu cha heshima hakizalishwi ovyo, na mimi sikuona tofauti ya kitu hicho na picha.

Mama alipofariki, nilijizoesha jambo moja. Nikimaliza kazi naingia chumbani kwangu, nafunga mlango, namtazama akicheza. Nikifika pale anaponijia na kuyasema maneno yake, nazima. Sikuweza kuyavuka. Nalia kidogo, nanawa uso, natoka nakwenda kupika.

Shemeji alikuwa anaishi chini, kwenye nyumba hiyohiyo ya ghorofa ya mavyaa, sisi tukiwa juu. Alisomea kompyuta Mombasa, akazurura, kisha akapata kazi na kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikitengeneza mfumo endeshi mpya. Mfumo endeshi ndio unaoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Ukiugua wenyewe, vyote vinalala. Kabla ya kuutoa kwa watu, kampuni ilitaka ujaribiwe kwenye kompyuta za watu wa kawaida, zenye vumbi na printa za zamani, ionekane kama unasimama imara na kama unapatana na vifaa vyao. Mjaribu wa pwani yetu akawa shemeji. Basi ikawa taabu. Tunakula mahamri kwa mbaazi, yeye anatuhutubia juu ya uthabiti na upatanifu, na mavyaa amemkodolea macho mpaka mbaazi zinapoa.

Kompyuta yangu aliitamani sana. Ilikuwa kuukuu, imejaa, ina kamera, ina printa, ina kila takataka ambayo kampuni ilitaka kuijaribia. Sharti la kazi yake lilikuwa mwenye kompyuta aridhie kwanza, kwa hiyo akaniomba.

"Ile, shemeji, hata malaika simpi," nilimwambia.

Akacheka. "Wewe waogopa tu. Mfumo huu uko imara, wallahi."

Nikamwambia kama uko imara basi na uwe imara hukohuko chini kwake.

Haikupita muda shangazi yangu akafariki, nikaenda Mambrui kuhani, nikakaa mpaka khitma. Mavyaa ana funguo za akiba za nyumba nzima, anazifunga kwenye pindo la leso yake. Shemeji alimwambia anataka kunipangusia vumbi kwenye kompyuta, ili nikirudi na majonzi yangu nikute kazi imefanywa. Mavyaa akaona huruma hiyo ni ya kupigiwa mfano, akampa ufunguo.

Niliporudi nilikuta kompyuta inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya milima yenye theluji, na chini yake maneno ya Kiswahili: "Karibu. Tumekuandalia kila kitu." Programu yangu ya kuhariri ilikataa kufunguka. Kamera nilipoichomeka, kompyuta haikuitambua. Kisha ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena, na ilipotulia haikuwa na kitu ndani. Nilipiga ukelele majirani wakatoka. Shemeji akapanda ngazi huku anatafuna kashata, akabonyeza hapa na pale, akajikuna shingo.

"Imekufa, shemeji," alisema. "Ni toleo la majaribio. Hutokea."

Hutokea! Nililichukia neno hilo tangu siku hiyo, na mtu akilitamka mbele yangu mpaka leo nahisi moto kifuani. Mabibi harusi wote walikuwa na kanda zao majumbani. Asiyekuwa na nakala popote duniani ni mama peke yake. Nilipeleka diski kwa mafundi Mombasa, wakaniambia imeandikwa upya juu ya vilivyokuwemo, hakuna cha kuokoa. Nilirudi Malindi nimeibeba mapajani na nikaifungia kabatini pamoja na leso za mama.

Mavyaa aliitisha kikao. Mume wangu alikuja kutoka Gongoni, anakofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akakaa katikati yetu kichwa ameinamisha. Shemeji alileta sahani ya halua. Alisema nia yake ilikuwa njema, kwamba kompyuta yangu ilikuwa imezeeka na yeye alitaka kunisaidia kwa kunishtukiza.

"Yaishe, mwanangu," mavyaa akaniambia. "Mashine ni mashine. Mama yako yuko kwa Mola wake, hayumo kwenye mashine."

"Haijaisha, mama," nilimjibu. "Na halua sili."

Mume wangu tulipobaki wawili aliniuliza, "Ni ndugu yangu. Wataka nimfanye nini?" Nilimwambia asifanye kitu, nitafanya mwenyewe.

Nilianza na visa vidogo. Chakula nilichokuwa nikimteremshia kila mchana kikakoma. Mazulia nikifua nayatundika mbele ya dirisha lake, anakaa kizani siku nzima. Mtandao wa nyumba ulikuwa kwa jina langu, nikabadilisha neno la siri. Mtaalamu wa uthabiti na upatanifu akawa anakwenda kuketi kwenye ukuta wa hoteli moja barabarani, kompyuta mapajani, akidokoa mtandao wa watalii mpaka askari wa mlangoni amfukuze. Nilimwona siku moja nikitoka sokoni, nikapita polepole makusudi nimtazame vizuri. Ilinifurahisha, lakini kwa muda mfupi, kama kujikuna mahali pasipowasha.

Kisasi chenyewe kililetwa na fundi wa mabuibui, rafiki yangu wa mtaa wa Shela. Alikuwa na cherehani ya kudarizi inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta, na kwa siku kadhaa kila ua alilolidarizi lilitoka limepindia upande mmoja. Alinionyesha buibui la mteja wake, ua limeshuka hadi kwapani. Nilipoiangalia kompyuta yake niliikuta ile milima yenye theluji.

"Nani kakuwekea hii?"

"Shemeji yako. Alisema aniondolea virusi."

Pembeni mwa kioo kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Toa Maoni". Nilikibonyeza. Ukafunguka ukurasa wa habari za kompyuta hiyo, na humo shemeji alikuwa ameiarifu kampuni kuwa cherehani ya kudarizi imejaribiwa, haina hitilafu, na mwenyewe ameridhia. Rafiki yangu aliposikia hivyo alishika kiuno. "Niliridhia nini mimi? Mtu akija kukufukuzia nyoka, wewe umeridhia akuvunjie ukuta?" Tukaketi pamoja tukaandika maoni yetu, na picha ya lile ua la kwapani tukaitia.

Kuanzia hapo nilikuwa kama nimepewa kazi. Kila kompyuta aliyoigusa shemeji niliitafuta. Nilikwenda Kuruwitu, kwenye ofisi ya kupokea wageni wanaokuja kutazama matumbawe, ambako dada wa pale alikuwa anatoa stakabadhi nyeupe zisizo na neno hata moja. Nilipanda Kaloleni, kwa karani wa shule moja, nikakuta mitihani inatoka kwenye printa mistari imekaliana juu ya mistari mpaka mwalimu wa hesabu anashindwa kusoma swali alilolitunga mwenyewe. Kote huko ilikuwa ni milima ileile yenye theluji, na kote shemeji ameandika hakuna hitilafu, mwenyewe ameridhia. Nilizima umeme nione kama kompyuta itaamka. Nilichomeka kila kilichochomekeka. Nikaandika maoni, nikatia picha, nikabonyeza. Sikufanya hivyo kwa kuipenda kampuni, wala kwa ajili ya mitihani ya Kaloleni. Nilitaka alie.

Kampuni ikajibu. Barua ilikuwa ya Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine, inaniita "mpenzi mtumiaji", lakini maana ilifahamika. Walinishukuru, wakasema wanachunguza mwenendo wa mjaribu wao, wakaomba nieleze kama na mimi mwenyewe nimewahi kudhurika. Niliandika habari ya kompyuta yangu yote, pamoja na ufunguo wa leso. Mama nilimtaja kwa sentensi moja tu.

Alasiri moja, nachambua mchele uani, shemeji akaja. Hakuja na ule mwendo wake wa kujivuna. Alichuchumaa mbele ya ungo wangu.

"Umenimaliza, shemeji."

"Bado," nikasema.

"Wameniandikia. Nikikosa la kujibu wanifukuza." Akaishusha sauti. "Naweza kukurudishia mama yako."

Mikono yangu ilisimama kwenye mchele. Akanieleza. Siku ile alipoiwekea kompyuta yangu mfumo mpya, aliufungua kwa akaunti yake mwenyewe na kuuunganisha na mtandao wa nyumba. Mfumo huo, kwa jinsi ulivyoundwa, ulianza papo hapo kunakili kila kilichomo na kukipeleka kwenye akaunti hiyo, huko mtandaoni. Kompyuta ilipokufa, nakala zilibaki. Zilikuwa kwake tangu siku ile. Nilipokuwa nalia ngazini, nilipokuwa nakwenda na kurudi Mombasa, kwenye kikao, na halua mbele yetu, zilikuwa kwake.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kampuni ingejua nimechukua vitu vya mtu bila ridhaa."

Akatoa simu mfukoni, akaigusagusa, akanigeuzia. Alikuwa mama. Pembe iko juu, leso imefungwa kiunoni, nywele zake zile za mvi alizozisuka mwenyewe, shingo iko wazi. Sijawahi kukitaka kitu kama nilivyoitaka ile simu. Kisha nikaona dole gumba la shemeji limekaa pembeni mwa kioo, karibu na bega la mama.

"Umeitazama?"

"Kidogo tu. Nihakikishe kama iko sawa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Hakuna ubaya, shemeji, yule ni kama mama yangu."

Hakuwa mama yake. Wala hakuwa mkwewe, maana aliyeoa kwetu ni kaka yake. Mama yangu hakuwahi kukaa mbele ya kijana huyu bila mtandio tangu siku niliyoolewa, hata siku za joto ambapo sisi wengine tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria. Na humo hakuwa peke yake. Walikuwamo mabibi harusi wangu wote, mabinti wa watu walioniamini kwa vichwa vyao, wote mfukoni mwa suruali ya mwanamume huyu anayechuchumaa mbele yangu na kuniomba.

Alitaka niiandikie kampuni kwamba niliridhia, na kwamba yale ya Kuruwitu, Kaloleni na Shela nilitia chumvi kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Nikishaandika, ataninakilia kanda zote kwenye diski, kisha atafuta za kwake. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Aliinuka ameridhika, hata akaokota chembe ya mchele iliyoanguka akairudisha kwenye ungo.

Niliteseka siku zile. Kuna saa niliona bora niandike uongo wowote anaoutaka, nimpate mama, na heshima ya dunia ijitazame yenyewe. Kisha nafikiria, ni nani atakayenihakikishia kwamba amefuta? Mtu aliyeandika "mwenyewe ameridhia" kwenye kompyuta za watu wote hao, na mimi ataniandikia "nimefuta". Nikawauliza kampuni moja kwa moja: ndani ya akaunti ya mjaribu wenu mna picha za wanawake zilizochukuliwa bila wao kujua, nami ndiye mwenye picha, je, mwaweza kunipa mimi na kumnyima yeye? Jibu lilikuwa kwamba yaliyomo kwenye akaunti ni ya mwenye akaunti. Mtu mwingine hawampi. Wanachoweza, nikithibitisha malalamiko yangu, ni kuifunga akaunti na kufuta yote, na kikifutwa hakirudi.

Nilimpigia simu mdogo wangu Maskati, nikamweleza.

"Mchukue, dada," alisema. "Andika anachotaka. Mimi siku ile nilikuwa nimeinamishwa kichwa kama bibi harusi, nilisikia vigelegele tu. Sikumwona mama akicheza. Nataka kumwona."

"Shemeji amemwona."

"Basi na mimi nimwone!"

Nilimwambia mama alisema nini kwenye lenzi. Akaanza kulia, akaniambia mama alikuwa mtu wa maneno makali na moyo laini, tena mimi najua. Nikakata simu. Nikaenda kwa rafiki yangu fundi wa mabuibui, nikaomba kuketi kwenye kompyuta yake. Niliandika kwamba sikuridhia, rafiki yangu hakuridhia, na hakuna hata mwanamke mmoja ndani ya akaunti ile aliyeridhia. Chini kulikuwa na swali kama nathibitisha, na onyo la rangi nyekundu kwamba hakuna kurudi nyuma. Nikabonyeza, nikamsaidia rafiki yangu kukunja vitambaa, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Alikuja kuupiga mlango wangu kwa ngumi. Nilifungua kwa sababu nilitaka kumwona usoni, na nilimwona. Simu ilikuwa mkononi, tupu, kazi imekwenda, akaunti imekwenda pamoja na picha zake mwenyewe za miaka yote. Wallahi ilikuwa tamu. Mavyaa alikuwa nyuma yake ngazini anaita majina ya Mungu.

"Umemuua mama yako mara ya pili!" shemeji alifoka. "Kwa chuki tu! Mtu alikuwa anacheza, amefurahi, wewe wajifanya wamsitiri! Hata mama yako mwenyewe, pale mwisho, ali—"

Nikaubamiza mlango. Sikutaka kusikia mwisho wa mama kutoka kinywani mwake.

Mfumo ule ulikuja kutoka. Rafiki yangu anao, na cherehani yake sasa inadarizi maua mahali pake. Karani wa Kaloleni naye anasema printa imetulia. Watu wanausifu kwamba ni imara, unapatana na kila kitu, na nadhani kwa namna fulani hasira yangu imo humo ndani. Shemeji anauza vioo na makasha ya simu karibu na soko kuu. Nikipita namsalimu kwa sauti ili wenzake wasikie, naye hujibu akiwa ameinamia vioo vyake. Mdogo wangu hapokei simu zangu. Salamu zake za Idi huzituma kwa mume wangu.

Mavyaa alikuja tena juzi. Aliketi, akanywa kahawa, akaniambia, "Mwanangu, amekosa kazi, amekosa uso mjini. Kisasi umekilipa. Sasa wataka nini zaidi?"

Nilimwongezea kahawa. Nisingeweza kumjibu yeye, lakini hapa nitasema. Nimekwisha kusema kwamba kila nilipoitazama ile kanda niliizima mama alipomaliza kusema hana radhi nami. Siku yenyewe ya ngoma machozi yalinizuia kuona. Nimewauliza wanawake waliokuwapo ukumbini, na mama alikuwa amewapa mgongo, uso wake ulikuwa kwangu. Kwa hiyo sijui alifanya nini baada ya maneno yale. Sijui kama alibaki na uso ule wa kitambulisho, au kama alicheka. Kama alibaki vile, mimi ni mtoto aliyemtii mama yake. Kama alicheka, basi alikuwa akitutania tu kama alivyozoea, hata alipomkatalia mdogo wangu, na mimi nimemfuta kwa ajili ya utani.

Duniani yuko mtu mmoja aliyeitazama mpaka mwisho. Analala chini ya chumba changu, nasikia akikohoa. Alianza kuniambia na mimi nikamfungia mlango. Kumsamehe ni kushuka zile ngazi, na nikishuka nitamuuliza, na akijua nauliza nini atakuwa na mama yangu mkononi kwa mara nyingine. Simpi. Afe na jibu lake.